Pweza, Mkoko na Ngitili: Jamii Hujifunzaje Mazingira Yake?

Katika mikutano mingi ya mazingira, iwe ya kijiji, ya shehia au ya wizara, maazimio yakisomwa mwishoni kuna moja ambalo halikosekani: wananchi waelimishwe. Sentensi ni fupi na nia yake ni njema, lakini itazame sarufi yake. Mwananchi ametendwa. Elimu imetoka mahali fulani, imemfikia, na kazi imehesabiwa kuwa imekwisha.

Lugha yetu ina vitenzi vingine viwili vilivyo jirani na hicho. Kuna kujifunza, ambapo mtu anajitenda mwenyewe, na kuna kufunzana, ambapo watu wanatendana. Ukifuatilia juhudi za hifadhi zilizoanzishwa vijijini Afrika Mashariki, ukauliza kwa nini nyingine zimedumu na nyingine zilikufa siku mradi ulipofunga ofisi, sehemu kubwa ya jibu utaikuta ndani ya vitenzi hivyo. Jamii inayojifunza ina swali lake yenyewe. Ina njia ya kuliona jibu. Na jibu likipatikana, ina mamlaka ya kubadili mwenendo. Hayo matatu yakikutana, watu huishikilia elimu ya mazingira bila kusukumwa na mtu.

Kwanza tuondoe dhana moja inayopotosha sana mjadala huu, kwamba watu huharibu mazingira kwa kuwa hawajui. Uvuvi wa baruti ulianza pwani ya Tanzania miaka ya 1960 na ukaendelea kwa takriban nusu karne. Mvuvi wa baruti hakuhitaji kuambiwa kuwa mlipuko unavunja matumbawe na kuua samaki wachanga pamoja na wakubwa. Yeye ndiye aliyezamia kuwaokota, akaona kwa macho yake. Alichokosa ni sababu ya kuamini kwamba samaki atakayemwacha leo atamkuta kesho. Bahari ikiwa ya kila mtu na haina msimamizi, anayejizuia anamwachia mwenzake. Maarifa alikuwa nayo, ila hayakuwa na mahali pa kufanyia kazi.

Ndiyo maana nataka tutazame mahali ambapo maarifa yalipata pa kufanyia kazi. Nitakaa sana kwa pweza, kwa sababu yeye anaonyesha jambo hili waziwazi kuliko kiumbe mwingine ninayemjua.

Mwamba uliofungwa

Pweza anayevuliwa zaidi kwenye miamba yetu huishi mwaka mmoja, au mmoja na nusu hivi. Akiwa bado mdogo hukua kwa kasi ya kushangaza, kiasi kwamba ndani ya mwezi mmoja uzito wake unaweza kuongezeka mara mbili. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hujifungia pangoni, huyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Mabuu huchukuliwa na mikondo kwa muda kabla ya kutua mwambani na kuanza maisha yao.

Sasa wafikirie kina mama wanaokwenda pwani siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mwamba ukabaki wazi. Mkononi wana mchokoo, kijiti cha kumchokolea pweza tunduni. Wanatembea wakitafuta tundu lenye mawe madogo na magamba yaliyopangwa mlangoni, dalili kwamba mwenyewe yumo ndani. Mashimo hayo wanayafahamu moja moja, wengine wameyarithi kwa mama zao. Na wanajua bila kufundishwa na mtaalamu yeyote kwamba pweza wa siku hizi ni wadogo kuliko wale waliozoea kuwabeba zamani.

Swali linalozaliwa hapo ni la kwao: tukiuacha mwamba huu miezi mitatu, itakuwaje?

Jaribio la namna hiyo lililosikika sana lilifanyika mwaka 2004 katika kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Wavuvi wa Kivezo, wakishirikiana na shirika la Blue Ventures, waliufunga mwamba wa Nosy Fasy kwa miezi 7. Ulipofunguliwa walipata pweza wazito kuliko waliowazoea, na vijiji jirani vikataka kufanya vivyo hivyo. Mwaka 2005 serikali ya huko ikaweka msimu wa kumpumzisha pweza kwa wiki 6 kila mwaka. Habari ikavuka bahari. Leo kufunga miamba kwa muda ni jambo linalojulikana Zanzibar na pwani ya kusini ya Tanzania Bara. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ni miongoni mwa mahali palipojitokeza mapema. Kamati ya uvuvi ya shehia, ikisaidiwa na Mwambao, mtandao wa jamii za pwani, ilianza kuifunga sehemu ya miamba yake katikati ya miaka ya 2010.

Kwa nini jambo hili lilishika wakati semina nyingi za uvuvi endelevu zilipita kama upepo? Kwa sababu jibu la mwamba lilirudi haraka. Mtu aliyekubali kufunga mwamba mwezi wa sita anaona matokeo kabla mwaka haujaisha, na anayaona kwenye mizani, mbele ya mnunuzi, huku jirani yake aliyepinga akiwa amesimama pale pale. Hakuna anayelazimika kumwamini mtu wa ofisini. Na kwa kuwa kinachofungwa ni kipande cha eneo la uvuvi, nyumba hailali njaa wakati wa kungoja. Gharama ya kujaribu ni ndogo, na hilo lina uzito mkubwa kwa mtu maskini. Jaribio ambalo likishindwa watoto wanakosa chakula, hakuna mwenye akili timamu atakayelikubali, na akilikataa asiitwe mjinga.

Lakini kazi ya kujifunza inaanza hasa pale jibu la kwanza linapopatikana, na hapa ndipo watu wengi wa nje hukatiza hadithi. Kufunga miezi mitatu kunaleta pweza wakubwa zaidi. Je, kunaleta pweza wengi zaidi? Hayo ni maswali mawili. Pweza aliyeachwa akue ataongeza kilo, lakini ikiwa atavuliwa siku ya ufunguzi kabla hajataga, mwamba haujapata kizazi kipya. Jamii inayohesabu kilo peke yake inaweza kushangilia kwa miaka huku idadi ikishuka taratibu. Ile inayohesabu kilo na idadi, ikaangalia pia majike waliokutwa na mayai, itafika kwenye swali zito zaidi: je, tuwe na kipande ambacho hakifunguliwi kamwe? Wavezo walifika huko. Eneo lao la Velondriake, lililoundwa na vijiji kadhaa kwa pamoja, lina sehemu zilizofungwa moja kwa moja. Hatua hiyo haikuletwa na kipeperushi. Ilitokana na watu waliokwisha kuona kwa mizani yao wenyewe kwamba mwamba ukiachwa, unalipa.

Siku ya ufunguzi nayo ina masomo yake, mengine machungu. Mwamba uliofungwa huvuta macho. Wakija watu wa vijiji vingine, au vijana wenye miwani ya kuzamia wakatangulia kabla maji hayajatoka, wale kina mama waliojinyima miezi mitatu hukuta matundu matupu. Kijiji kinachojifunza hulijadili hilo waziwazi: nani aanze, saa ngapi, watembeao kwa miguu wapewe siku ya kwanza au la, mgeni alipe kiasi gani, fedha hizo zitumike kwa nini. Hayo ni maswali ya haki, na mimi nayahesabu kuwa sehemu ya elimu ya mazingira sawa kabisa na biolojia ya pweza. Mahali ambapo wanaojinyima na wanaovuna ni watu tofauti, ufungaji wa pili haufiki mbali.

Kuna kundi moja ambalo husahaulika karibu kila mara, nalo ni watu wa dago. Wavuvi wa pwani yetu wana desturi ya kuhama na pepo, wakapiga kambi miezi kadhaa kwenye kisiwa au ufuko wa wengine. Wapemba wamekwenda dago mpaka Kenya, na wa Kenya wamekuja huku. Kamati ikipanga sheria wakati dago halina watu, mgeni atafika na kuukuta mwamba umefungwa kwa makubaliano ambayo hakuyasikia. Atavua, ugomvi utazuka, na kila upande utajiona umeonewa. Kumkalisha mgeni wa dago barazani, akaeleza alichokiona kwenye miamba ya kwao, kunaongeza maarifa ya kijiji kwa sababu yeye ameona bahari nyingi.

Msitu unaojibu polepole

Mkoko ni kinyume cha pweza. Anayeupanda leo hataona nguzo mpaka miaka kadhaa ipite, na kazi yake kubwa kuliko zote hufanyika ndani ya tope, mahali ambapo jicho halifiki. Sehemu kubwa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu wa mikoko imo kwenye udongo wake. Utamfanyaje mtu ang'ang'anie kujifunza kitu ambacho jibu lake linachelewa namna hiyo?

Ghuba ya Gazi, katika kaunti ya Kwale kusini mwa Mombasa, ni mahali pazuri pa kulitazama swali hili. Miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa sana kuwa kuni za viwanda. Mahali pengine palibaki uwanda wa mchanga na tope usioota tena wenyewe. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, walifanya majaribio ya kupanda upya wakiwa pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vikaanza kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu wao unaihifadhi, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, unaohusu hekta 117 za msitu. Kiasi kinachouzwa ni kama tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mapato si makubwa ukiyagawa kwa kila kichwa, lakini yamewekwa kwenye mambo ambayo kila mtu anayagusa, kama maji safi na vifaa vya shule, na matumizi yake huamuliwa na wanakijiji wenyewe. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Wengi wanaposimulia Gazi husema fedha ndizo zilizofanya kazi. Fedha zilisaidia kuziba pengo la wakati, maana bomba linalotoa maji leo ni jibu la haraka linalosimama badala ya jibu la polepole la tope. Lakini kaboni ina soko, na soko hupanda na kushuka. Kijiji kinacholinda msitu kwa sababu ya malipo peke yake kitauachia siku bei ikianguka. Kilicho kizito zaidi Gazi, kwa maoni yangu, ni miaka zaidi ya 20 ya watafiti na wanakijiji kuingia topeni pamoja kabla tani hata moja haijauzwa. Watu wa pale wamepanda, wamehesabu miche iliyokufa na iliyopona, wamepima unene wa mashina. Kina mama wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya msitu, na huwatembeza wageni wakiwaeleza mti mmoja mmoja. Mtu akishazoea kumweleza mgeni jambo, analijua kwa namna nyingine kabisa.

Na kuna mengi ya kueleza. Mikoko si mti mmoja. Mlilana hupenda ukingo wa nje, unapopigwa na maji mara kwa mara. Nyuma yake husimama mkoko wenyewe na mizizi yake kama miguu ya mtu anayechuchumaa. Ndani zaidi utakuta muia na mkandaa, na mkomafi wenye matunda makubwa ya duara. Mchu huweza kuonekana pande zote mbili, majini na karibu na nchi kavu. Kila mmoja una kiti chake, kinachopangwa na maji kujaa na kupwa.

Hapo ndipo penye sababu ya hasara moja ninayoiona tena na tena. Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, wageni hufika ufukweni na miche. Mche wa mkoko ni rahisi kupatikana na rahisi kuchomeka, basi huchomekwa kwenye tope tupu lililo mbele kabisa, mahali ambapo hata zamani hapakuwa na mkoko. Picha hupigwa. Bamvua mbili tatu baadaye miche imeng'oka au imevikwa chaza na mwani ikafa. Mzee aliyezaliwa pale angeweza kusema kabla ya mche wa kwanza kushuka kwenye gari. Swali la mtu anayejifunza lingekuwa: hapa zamani paliota nini, na kwa nini hakioti tena? Huenda maji yamezibwa na barabara. Huenda mbegu bado zinakuja, ila mbuzi wanakula machipukizi. Mara nyingine kufungua njia ya maji kunatosha, na miti hurudi bila kupandwa.

Mikoko inatukumbusha pia kwamba maarifa hukaa ndani ya majina. Wakataji wa zamani walioipakia majahazini kwenda Uarabuni, ambako nyumba nyingi za Omani na Ghuba ziliezekwa kwa miti ya Rufiji na Lamu, walitofautisha fito, pau, boriti na nguzo kwa unene, na walijua mti upi unakataa mchwa. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982, na biashara ile imebaki kumbukumbu. Mtoto wa pwani leo anaweza kufaulu mtihani wenye neno "bioanuwai" asiweze kutenganisha muia na mkandaa. Sisemi shule iache neno hilo. Nasema mwalimu akiwatoa watoto siku moja, akamwalika fundi wa mitumbwi au mchoma chokaa mstaafu atembee nao topeni, watarudi na majina 6 na sababu za kila jina, na neno la mtihani litapata mwili.

Mamlaka

Nimesema jamii inahitaji swali, njia ya kuona jibu, na mamlaka. La tatu ndilo gumu, kwa sababu linamhusu mtu mwingine: serikali. Ili kulielewa inabidi tuiache pwani twende Shinyanga.

Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zikianza, kipande cha malisho hufungwa, nyasi na vichaka vikasimama. Kiangazi kikikaza na majani yakiisha kwingine, hufunguliwa kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe waliodhoofika. Utaona ni ndugu wa mwamba wa pweza: kufunga, kungoja, kufungua kwa utaratibu. Hakuna aliyeileta kwa semina.

Ngitili zilikaribia kutoweka. Wakoloni walifyeka misitu mikubwa kupambana na mbung'o. Mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka. Kisha katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa, na aliyehamishwa hakubeba ngitili yake. Ardhi iliyokuwa na mwenyewe ikawa haina. Mkoa ukafikia kuitwa Jangwa la Tanzania. Wakati mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanzishwa mwaka 1986, ngitili zilizobaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi.

Wasukuma hawakuwa wamesahau. Kilichokuwa kimevunjika ni haki ya kuamua. Mpango ulianza kama inavyoanza mingi, kwa vitalu vya miche, na mingi ilikuwa ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu walikubali kwamba wenyeji walikuwa na njia yao, na kwamba chini ya ardhi ile iliyoonekana imekufa mizizi na visiki bado vilikuwa hai, vikingoja mifugo izuiwe tu. Huko Dodoma ufufuaji wa aina hii umepewa jina zuri la kisiki hai. Shinyanga mipaka ya ngitili ilirudishwa, mingine ya kaya, mingine ya kijiji kizima. Sheria ndogo zilijadiliwa kwenye dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakasimamia. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililofufuliwa lilikadiriwa kuvuka hekta 300,000. Kuni zikawa karibu, dawa za miti shamba zikaonekana tena, ndege wakarudi.

Kutoka 600 hadi 300,000. Kipande cha elimu mpya kilichoingizwa hapo ni kidogo ukilinganisha na kile kilichoruhusiwa kurudi. Kwa hiyo ninaposikia kwamba kijiji fulani hakina mwamko wa mazingira, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama kijiji hicho kina uwezo wa kisheria wa kusema hapana kwa mtu mwenye msumeno. Sheria zetu zimesogea: Kenya ilifungua mlango wa jamii kusimamia misitu kwa sheria ya mwaka 2005, na Tanzania Bara kwa sheria ya misitu ya mwaka 2002. Lakini kati ya mlango wa karatasi na mlango wa ofisi kuna safari, na kamati nyingi za vijiji huchokea njiani, zikisubiri mhuri.

Wengine huuliza kama haya yote hayahitaji kiongozi mmoja mwenye moyo. Yanasaidiwa naye, hasa mwanzoni. Hatari yake ni kwamba akihama au akifariki, daftari la vipimo hubaki nyumbani kwake na maswali huondoka naye. Kamati zinazodumu ni zile ambazo wanaopima ni wengi, wakiwemo vijana na wanawake, na matokeo husomwa kwa sauti barazani hata yakiwa mabaya. Msimu ambao pweza hawakuongezeka nao usomwe. Kijiji kinachosomewa mafanikio tu hakina tofauti na kijiji kinachoelimishwa.

Na huko ndiko kunakozaliwa kile kitenzi cha tatu, kufunzana. Baada ya Gazi, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kusini zaidi katika kaunti hiyo hiyo ya Kwale, walianzisha mradi wao wa mikoko wa hekta 460, karibu mara nne ya ule wa kwanza, kwa kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa na jirani zao. Mikoko ya Vanga haikomi kwenye mpaka. Inaendelea upande wa Tanzania hadi Jasini na Moa, ambako watu ni ndugu wa wale wa Vanga, wanaooleana na kuvua kwenye maji yale yale. Kwa ngalawa, upepo ukiwa mzuri, ni safari fupi.